Keki Iliyookwa Chumbani

Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, na kule Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, baridi ilikuwa ile inayowafanya watoto wazungumze huku meno yakigongana. Kila asubuhi Loisi aliamka kabla ya jua, akachota maji bombani, akafagia uwanja, kisha akawasha jiko la mkaa nje, ubavuni mwa nyumba, na kuinjika uji. Ng'ambo ya nyumba yao, kwenye barabara kuu, malori yalikuwa yamejipanga yakingoja zamu ya kuvuka mpaka kwenda Zambia. Baba yake Loisi alikuwa dereva wa lori mojawapo, na wiki hiyo alikuwa mbali, huko Zambia kwenyewe.

Loisi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi zote hizo alizifanya bila kusukumwa. Mama yake, Ferista, aliyeuza viazi sokoni Tunduma, alizoea kusema kwamba mtoto huyu ana kasoro moja tu: akishaamua jambo, masikio huziba.

Nyumba yao ilikuwa mpya. Ilikuwa na sakafu ya saruji, dari, madirisha ya vioo na kuta zilizopakwa rangi nyeupe. Siku walipohamia, mama alitoa amri moja ambayo hakuirudia mara mbili: "Jiko halivuki kizingiti cha nyumba hii." Hakueleza sababu. Loisi naye hakuuliza, kwa kuwa alidhani anaijua. Mama alizipenda zile kuta kuliko kitenge chake cha sikukuu, na hakuna anayependa kuona masizi juu ya rangi nyeupe.

Wiki hiyo walikuwa na mgeni, Bibi Yunisi, mama mzazi wa baba yake Loisi. Alikuwa ametoka Isansa shambani na kikapu cha malimau kichwani, akaapa kwamba hajawahi kuona mji wenye baridi na vumbi kwa wakati mmoja kama huu. Mchana kutwa alijifunika blanketi mbili na kusimulia. Jioni moja alisimulia habari za keki.

"Kwenye harusi nimelishwa keki mara nne," alisema. "Kila mara ni kipande kama ukucha, na watu wote wananikodolea macho. Nikakimeza upesi. Mpaka leo sijui utamu wake ukoje."

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Loisi hakucheka. Alimwonea bibi huruma, akasema, "Bibi, nitakuokea keki nzima, utafune polepole bila kutazamwa na mtu."

Hakuwa anajigamba tu. Jirani yao, Mama Naila, alikuwa fundi wa keki na maandazi. Mama Naila alitoka Tanga pamoja na mumewe, msafirishaji wa mizigo, na binti yao Naila alisoma darasa moja na Loisi. Keki yake aliyoipenda ilikuwa ya limau, aliyoioka ndani ya kopo refu la bati alilotengenezewa na fundi. Aliiita keki ya boflo, kwa kuwa umbo lake ni kama mkate. Loisi alikuwa amemtazama akiioka mara tatu. Unatia mchanga kwenye sufuria kubwa, unaweka kopo juu ya mawe matatu humo ndani, unafunika, kisha unapanga makaa juu ya mfuniko. Moto mdogo chini, moto mkubwa juu.

"Na upepo ni adui," Mama Naila alionya. "Keki ikipigwa na upepo kabla haijakaza, inazama katikati kama kaburi la zamani. Siku ukitaka kuoka niite, mwanangu, tuoke pamoja."

Loisi aliitikia, lakini moyoni alitaka bibi ale keki ya mjukuu wake, si ya Mama Naila.

Siku ya Alhamisi mama alikwenda sokoni kama kawaida. Asubuhi Mama Naila alileta maandazi manne ya moto kwa ajili ya bibi, akakaa kidogo, akarudi kwake. Ilipofika saa nane mchana, Loisi alitoa vitu vyake. Alikoroga sukari na siagi kwa mwiko mpaka mkono ukauma, akavunjia mayai moja baada ya jingine, akachunga unga na beking pauda. Kisha akakwaruza maganda ya malimau kwenye kikwaruzo cha karoti, ile sehemu ya njano tu, kwa sababu nyeupe ni chungu. Akakamua maji yake. Harufu ilijaa nyumba nzima, na bibi akaisikia kutoka kitandani.

"Hayo ni malimau yangu hayo!" aliita kwa furaha.

Shida ilianza nje. Upepo ulikuwa unavuma kutoka barabarani na vumbi lake. Uliyapuliza makaa juu ya mfuniko, majivu yakaruka, moto ukazimika upande mmoja na kuwaka kupita kiasi upande wa pili. Loisi alikinga kwa bati, bati likaanguka. Akakinga kwa mgongo wake, lakini mgongo wa mtoto wa miaka kumi na miwili hauzuii upepo wa Mpemba.

"Leta moto huku ndani!" bibi akaita. "Mnaogopa nini moto? Sisi Isansa tunalala nao, nami huku nakufa kwa baridi."

Loisi alisimama na kuitazama sufuria. Aliikumbuka amri ya mama. Kisha akayatazama makaa: yalikuwa mekundu, yamekolea, hayana hata uzi wa moshi. Kama hakuna moshi, ukuta utachafuka kwa kitu gani? Na bibi ni mkubwa kuliko mama. Akashika vitambaa, akaliinua jiko, akavuka nalo kizingiti. Alilipeleka moja kwa moja chumbani kwa bibi, chumba kidogo kuliko vyote, ambacho dirisha lake lilifunga vizuri. Akarudi kuchukua sufuria.

Bibi alinyoosha mikono yake iliyokauka juu ya joto. "Sasa hapa ndipo nyumbani," alisema.

Wote wawili hawakujua walilokuwa wakilifanya. Jiko la bibi kule Isansa lilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi, na hewa iliingia na kutoka ilivyopenda. Chumba hiki kilikuwa cha saruji na dari. Tena Loisi, akimkumbuka yule adui wa keki, alifunga dirisha, akafunga mlango, akachukua gunia tupu la viazi na kuziba uwazi wa chini ya mlango. Upepo haukupita tena.

Walikaa hivyo kwa muda mrefu, bibi akisimulia. Baadaye akasema kichwa kimekuwa kizito, huenda ni usingizi. Loisi naye alikisikia kichwa chake kikigonga, akadhani ni njaa. "Lala kidogo bibi," alisema. "Ukiamka, keki itakuwa tayari." Akatoka, akaufunga mlango vizuri nyuma yake na kulisukuma gunia mahali pake kwa nje. Alikwenda kwa akina Naila kuazima sahani ya maua. Nje kichwa kilimwachia kidogo. Alimkuta Naila anasuka mkeka, wakazungumza, wakacheka. Nusu saa ilipita bila yeye kuihesabu.

Aliporudi na kufungua mlango, harufu ya keki ilimpokea kwanza. Keki ilikuwa imeiva. Kisha akamwona bibi. Alikuwa ameinamia ukingo wa kitanda, ametapika sakafuni, macho yako nusu wazi na hayamtazami mtu.

"Bibi! Bibi, amka!"

Bibi hakuitika. Loisi alimtikisa bega, na kichwa cha mzee kikaanguka upande wa pili. Hofu ilimshika Loisi. Na katika hofu ile, wazo la kwanza lililomjia halikuwa bibi. Lilikuwa amri ya mama.

Tuseme ukweli, kwa maana hadithi hii haina faida bila huo. Loisi hakupiga kelele mara moja. Alifungua dirisha, akalitoa jiko nje mbio, akalimwagia maji nyuma ya choo. Akairudia sufuria pamoja na keki yake, akaiweka hukohuko, akaifunika kwa gunia lilelile. Akadeki matapishi. Akafagia majivu yaliyodondoka. Baada ya hapo ndipo alipokimbilia uwanjani na kupiga ukunga: "Mama Naila! Njoo, bibi anakufa!"

Mama Naila alifika bila viatu. Alimpigia simu Mama Loisi sokoni, akamwita Ombeni, kijana wa bajaji, na kwa pamoja wakambeba mzee hadi kituo cha afya. Njiani Mama Naila alimpakata bibi kichwa, akimsomea dua kwa sauti ya chini. Loisi alikaa pembeni, kichwa kikimgonga tena.

Mama aliwakuta mlangoni mwa kituo, nguo zake zikiwa bado na udongo wa viazi. Daktari Lusubilo, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameshaanza kazi. Muuguzi alitoboa kidole cha bibi, akapima malaria: hakuna. Sukari: ya kawaida. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu. Daktari akambana bibi kidole kwa kile kifaa kidogo chenye namba nyekundu kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu.

"Tisini na nane," alisema, akakunja uso. "Hewa inamtosha. Sasa mbona haamki?" Akageuka. "Nani alikuwa naye nyumbani?"

Mama alimsukuma Loisi mbele.

"Usiogope, mwanangu. Bibi leo alikula nini?"

Loisi alilitafuta neno lolote lisilokuwa keki. "Alikula maandazi," alisema. Na kwa kuwa daktari aliendelea kumtazama, akaongeza, "Ya Mama Naila."

Halikuwa neno la uongo. Bibi kweli alikula maandazi. Lakini lilikwenda kufanya kazi ya uongo, na lilifanya upesi. Muuguzi alimgeukia Mama Naila. "Mama, ulitumia mafuta gani? Unga uliuhifadhi wapi?" Mama Loisi naye akamgeukia jirani yake tangu walipohamia kwa jicho ambalo Loisi hakuwahi kuliona. Ombeni wa bajaji, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja nauli yake, alilisikia neno maandazi. Hakungoja kusikia mengine.

Mama Naila akawatazama mmoja mmoja. "Wanangu nao wameyala asubuhi," alisema. "Mume wangu ameyala. Nami nimeyala."

Daktari Lusubilo alitikisa kichwa. Hakuridhika. Aliinua kope za bibi, akammulika kwa tochi. "Inaweza kuwa kiharusi. Nitaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya mkoa, Vwawa, lakini liko safarini, litachukua kama saa moja." Kisha akauliza swali jingine. "Mama, nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa, daktari," mama alijibu. "Ila ni nje. Jiko halivuki kizingiti cha nyumba yangu hata siku moja. Kwa hilo naweza kuapa."

Loisi aliyasikia maneno hayo yakimwingia kifuani kama maji baridi. Mama yake anaapa kwa ajili yake, na kiapo chenyewe ni cha uongo, naye mama hajui. Pale kwenye kona, nyuma ya pazia, ilikuwepo mashine ya hewa yenye mrija na kikombe cha kuvaa usoni. Haikuguswa. Namba nyekundu zilikuwa zimesema hewa inatosha, na watu wote chumbani waliziamini. Loisi alimtazama bibi. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikachelewa kupanda tena.

Akaelewa kwamba daktari anatafuta asichoweza kukiona, na kwamba katika chumba kile aliyekuwa amekiona ni mtu mmoja tu.

Akapiga hatua moja mbele. "Daktari, jiko lilikuwa ndani."

Daktari akamsogelea.

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwa bibi. Nilikuwa naoka keki. Nje kulikuwa na upepo. Nilifunga dirisha, nikafunga mlango, nikaziba chini kwa gunia. Kama saa nzima na zaidi. Halafu nililificha." Hapo machozi yakamtoka. "Maandazi ya Mama Naila hayana kosa lolote. Ni mimi."

Daktari Lusubilo alikuwa ameshageuka. "Mashine ya hewa, haraka! Iweke juu kabisa." Muuguzi aliivuta kutoka kwenye kona, na kwa muda mfupi kikombe kikawa usoni mwa bibi, mashine ikinguruma. Daktari alipiga simu Vwawa kuomba ushauri wa wakubwa wake. Kisha akamkalisha Loisi kwenye benchi, akamuuliza kama naye anaumwa kichwa. Loisi aliitikia. Akavalishwa naye mrija wa mtungi mdogo puani.

"Sikilizeni," daktari alisema, akiwatazama wanawake wawili na mtoto. "Mkaa unaowaka una gesi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi. Hiki kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha, kinaona damu imejaa tu, basi kinasema tisini na nane. Kimetudanganya sote. Bila huyu mtoto kusema, ningempakia bibi kwenye gari bila hewa, na sijui kama angefika." Akavuta pumzi. "Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kilikuwa kimeshabisha hodi."

Mama alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani. Hakumpiga Loisi, wala hakumkemea. Kutokukemewa huko ndiko kulikomuuma Loisi kuliko fimbo. Mama Naila alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo.

"Nisamehe, Mama Naila," Loisi alisema.

"Nimekusikia," alijibu bila kugeuka. Kisha akatoka kwenda kuswali alasiri.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama bibi alipokohoa. Alifungua macho, akakishika kile kikombe usoni akitaka kukitoa, akanung'unika kwa Kinyiha, lugha ya kwao Isansa. Mama alilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wagonjwa wote. Gari la wagonjwa lilipofika, bibi alikuwa anaweza kutaja jina lake na la kijiji chake. Hata hivyo walimpeleka Vwawa na mtungi wa hewa, moyo wake ukaangaliwe. Alikaa huko siku tatu, akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, ingawa polepole, na kwa siku nyingi alisahau majina ya watu.

Siku aliporudi, Loisi alikaa miguuni pake na kumweleza yote, tangu jiko hadi gunia, hata habari ya kudeki kabla ya kuita watu. Hakuna aliyemuuliza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliita moto mwenyewe," alisema. "Hilo nalibeba mimi. Hilo jingine siwezi kukusaidia kulibeba, mjukuu wangu." Akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, na Ombeni alikuwa ameyamwaga kwenye kila kijiwe cha bajaji. Mtaa mzima ulijua kwamba maandazi ya yule mama wa Tanga yamemlaza mtu hospitali. Asubuhi ya siku iliyofuata, Loisi alimwona Naila akirudi kutoka barabarani na sinia la maandazi. Lilikuwa limejaa kama lilivyoondoka. Naila alimpita bila salamu.

Loisi aliingia ndani akimlilia mama yake. Mama aliacha kumenya viazi.

"Lilitoka mdomoni mwako kwa neno moja," alisema. "Kulirudisha ni kazi ya miguu. Vaa sweta, twende."

Wakaenda nyumba kwa nyumba. Kila walipobisha hodi, mama alisalimia, kisha akanyamaza na kumwachia Loisi. Mara ya kwanza Loisi alizungumza akitazama chini, maneno yakitoka kidogokidogo. "Bibi yangu hakuumwa kwa maandazi ya Mama Naila. Mimi niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga madirisha. Halafu nikaficha." Baadhi ya watu walimpa pole. Wengine walimcheka. Mzee mmoja alisema mtoto wa namna hii kwake angelala bila kula. Ombeni walimkuta kijiweni anafuta bajaji yake. Aliposikiliza alijikuna kisogo, akaahidi kuwaambia wenzake, na safari hii alionekana hana haraka.

Katika nyumba ya tisa mlango ulifunguliwa na mama mmoja mtu mzima, Mama Amoni. Alisikiliza akiwa amesimama katikati ya mlango, kanga imefungwa kiunoni.

"Basi tumesikia," alisema. "Mkwe wangu amejifungua juzi, sina muda. Yuko ndani anaota moto na mtoto."

"Anaota moto gani, mama?" Loisi aliuliza.

"Moto gani tena? Mzazi si lazima akae na jiko? Baridi hii itamwingia mgongoni. Hata sisi tuliwekewa."

Loisi alimtazama mama yake, lakini mama alimwashiria aendelee. Alikuwa amemwachia, kama katika nyumba zile nyingine. "Dirisha liko wazi, mama?"

"Mtoto mdogo unakuja kunifundisha uzazi?" Mama Amoni alifoka. "Dirisha liwe wazi, kichanga kipigwe na upepo?"

"Nami nilizuia upepo," Loisi alisema. Safari hii hakutazama chini. "Bibi yangu alisema kichwa ni kizito. Nikamwambia alale. Hakuamka mpaka alipowekewa mashine. Nakuomba, mama. Muulize tu kama kichwa kinamuuma."

Mama Amoni hakuwa na haja ya kuuliza. Kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti dhaifu ilisema, "Mama, tangu asubuhi kinaniuma. Na mtoto hataki kunyonya, analala tu."

Mama Loisi hakungoja kukaribishwa. Alifungua mlango wa chumba, akavuta pazia, akafungua dirisha lote. Mama Amoni alimnyakua mjukuu wake na kutoka naye uwanjani, na Loisi akamshika mzazi mkono, akamwongoza nje taratibu. Walimkalisha juani, mahali palipokingwa upepo, wakamfunika mablanketi. Jiko lilifuata, makaa yake mekundu, bila moshi hata kidogo. Kwa dakika kadhaa wote walikuwa wanakitazama kichanga. Kisha kikakunja uso, kikafungua kinywa, kikalia kilio kikali cha njaa.

Mama Amoni aliketi chini hapohapo kwenye vumbi. "Asante," alisema, akamkumbatia mjukuu wake. Simu ilipigwa kwa Daktari Lusubilo, naye akasema waletwe wote wawili akawatazame. Safari hii Ombeni alikuja mbio.

Bajaji ilipoondoka, Loisi na mama yake walibaki barabarani. Loisi alikuwa analia, lakini si kama alivyolia kule kituoni.

"Nisikilize," mama alisema. Aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Mimi nilikukataza jiko nisikwambie sababu. Nilikuwa nimesikia tu kwamba ni baya, nikaona amri inatosha. Haikutosha, na nakuomba msamaha kwa hilo. Kuliingiza ulikosea kwa kutojua, na kosa hilo tuko wengi ndani yake. Lakini kuficha ulificha ukijua. Hilo ni lako peke yako. Mtu asiyejua hufundishwa. Mtu anayeficha anaufungia ukweli ndani, na huo, mwanangu, unaua watu walewale unaowapenda. Umeona leo ulipoufungulia mlango umefanya nini."

Loisi aliitikia kwa kichwa.

Hatua chache kutoka pale, mlango wa nyumba ya akina Naila ulikuwa wazi. Mama Naila alikuwa amesimama hapo, kanga kichwani, amewasikiliza kwa muda ambao hawakuujua. Naila alikuwa nyuma yake. Mama Naila alimtazama Loisi, kisha akavaa ndala zake.

"Mmebakiza nyumba ngapi?" aliuliza.

"Nne," Loisi alijibu.

"Haya, tufuatane. Huko juu kuna wazazi wawili wenye vichanga, nao wanawekewa jiko."

Loisi akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akatangulia kubisha hodi.